Mlamula wa Kisimani

Izigo,
Muleba, Kagera.
16 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Gamaliel,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na Violeth na watoto. Natumaini mmeamka salama huko Newala na kwamba kile kifua cha Violeth kimeachia. Huku mvua haina mapumziko. Senene wameanza kuanguka, na Mama ameshaniagiza nikukaushie wa kwako kabla sijaonja wangu. Upendeleo huo nimeuzoea tangu siku uliyozaliwa.

Mimi sijambo, ila miguu inaniuma kwa kusimama sana kwenye korido za hospitali. Mama ni mzima wa mwili, lakini amenyamaza. Unajua Mama akinyamaza maana yake ni nini.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu. Nina sababu. Nyumba yetu unaijua, kuta hazifiki juu. Nikikupigia nikiwa chumbani, Tata aliye sebuleni anasikia kila neno, na siku hizi masikio ya baba yetu yamekuwa makali mno. Meseji ikiingia anaagiza isomwe kwa sauti. Nikitoka mpaka barabarani nikupigie, unaniambia uko mnadani na korosho zako, au unasema, "Dada umeanza tena, mbona nimeongea na Mzee mwenyewe na ni mzima?" Barua huwezi kuikatiza. Hafidhi wa duka la vitenge pale Bukoba, yule mliyesoma naye, anasafiri kesho kwenda Mtwara kwenye harusi ya ndugu yake, na ameniahidi kwamba atafika hadi Newala akukabidhi mkononi.

Hivi ninavyoandika, Tata amekaa upande wa pili wa ukuta. Ameniuliza naandika nini. Nimemjibu kwamba ni taarifa ya akina mama wa kanisani. Zamani angekuja akasoma juu ya bega langu na kunikosoa mwandiko.

Nianze na lililo kubwa, ili hata ukiitwa mnadani uwe umelisoma. Usingoje Desemba. Ukingoja Desemba, huenda ukafikia kwenye matanga. Sasa kaa chini nikueleze tulivyofika hapa, kwa sababu unayoyajua ni yale anayokwambia Tata mwenyewe kwenye simu, na Tata amekuwa akikudanganya, kama alivyotudanganya sisi.

Sukari na presha yake unazijua, ni za miaka mingi. Ila ugonjwa wenyewe ulituingilia kwa njia ya macho. Alianza kusema herufi za kitabu cha nyimbo zinacheza. Akanunua miwani ya mnadani, akaitupa, akanunua nyingine. Macho yakawa mekundu na makavu, anayapikicha mchana kutwa, sisi tunamwambia aache moshi wa jikoni. Uso ukawa unavimba asubuhi, tukasema amelala vibaya. Mzee wa umri ule akisema haoni vizuri, nani atafikiria figo? Tulipompeleka hatimaye kwa daktari wa macho, tulitegemea miwani. Yule daktari alimmulika ndani ya jicho, akaanza kuuliza habari za mkojo. Tulienda kwa ajili ya macho tukarudi na figo.

Alitueleza kwa Kiswahili chepesi kabisa. Alisema mishipa ya figo na mishipa ya nyuma ya jicho ni midogo vilevile, na sukari na presha zinaila kwa pamoja, kwa hiyo jicho la mgonjwa wa figo ni dirisha la kuonea ndani. Mimi nilielewa. Mama alielewa. Tata aliinamisha kichwa kwa heshima, akasema "waitu, asante," na leo nina hakika hakuelewa, au hakutaka.

Mambo ya mashine ya kusafisha damu unayajua, maana wewe ndiye uliyemshawishi akubali. Alianza, tukawa tunakwenda Bukoba na kurudi, na kwa kweli alipata nafuu. Uvimbe ulishuka, akaanza hata kugombana na watu kuhusu kahawa yake. Kwenye chakula ndiko vita vilikuwa vikali zaidi. Walituambia ndizi zina madini yanayoweza kusimamisha moyo wa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi, kwa hiyo apunguze sana, na hizo chache zichemshwe, maji yamwagwe, zichemshwe tena. Mama aliuliza Mhaya asipokula ebitoke anakula nini. Nilimwambia anakula wali. Akasema wali ni chakula cha Krismasi.

Halafu lile jambo la jicho la kulia, ambalo wewe uliambiwa kwamba ni "mtoto wa jicho kidogo." Haikuwa mtoto wa jicho. Tulitoka kwenye mashine jioni, na asubuhi iliyofuata akaamka anasema kuna masizi yanaelea mbele yake. Kufikia mchana masizi yakawa pazia. Damu ilikuwa imevuja ndani ya jicho. Daktari alisema mishipa ilikuwa imekwisha kudhoofika zamani, ingepasuka hata angekuwa amelala kwake Izigo. Lakini Tata aliunganisha mwenyewe, jana mashine, leo giza, na tangu hapo hakuna aliyeweza kuvitenganisha. Alisema mashine imekula jicho moja na sasa inalitaka la pili.

Akagoma kurudi. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamleta mchungaji. Mchungaji aliombea, akanywa chai, akaondoka. Nikaenda chooni nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Sikio la kufa halisikii dawa, nilikuwa nikijiambia, halafu najiogopa kwa kulifikiria neno hilo juu ya baba yangu.

Ndipo akatoa sharti lake. Alisema hilo jicho la kushoto analitunza kwa kazi moja, kumwonyesha msika wake, mrithi wa nyumba hii, mipaka ya kibanja cha ukoo. Babu alimwonyesha yeye kwa macho yake, mbele ya majirani, na yeye atakuonyesha wewe vivyo hivyo, mlamula kwa mlamula, miti yote ya mpaka. Akishamaliza, mashine ichukue inachotaka. Kwa hiyo alikuwa anakungoja wewe. Kila ulipopiga simu ukasema "Desemba, msimu wa korosho ukiisha," alijibu "haya mwanangu, mimi mzima." Kisha anakata simu na kukaa.

Sikulaumu kwa usilolijua, lakini sasa unalijua.

Kila asubuhi alikuwa akijipima. Anasimama mlangoni, anafunika jicho bovu kwa kiganja, anatazama kule mlimani na kutangaza, "Bati la kanisa naliona." Likawa kama sala ya asubuhi ya nyumba. Tulifarijika nalo, nakwambia ukweli. Miguu inavimba, pumzi inakatika akipanda ngazi ya mlango, ngozi inamwasha mpaka anajichuna, lakini bati analiona. Kulikuwa na vitu ambavyo ningepaswa kuviona. Alikuwa anamimina chai akiwa ametumbukiza kidole kikombeni. Aliacha kuchambua maharage na Mama. Mtu akibisha hodi, alingoja azungumze kwanza ndipo amwite jina. Nilidhani ni uchovu.

Hapa lazima nikwambie jambo ambalo hata wewe tulikuficha. Unaukumbuka mlamula wa kisimani, ule wa pembeni kabisa, ambao Tata na Mzee Byabato waliugombania tukiwa bado watoto. Byabato alisema mpaka unapita juu ya kisima, Tata akasema unapita chini, na shahidi pekee alikuwa mti ule. Mwezi wa nne, Tata akiwa amelazwa, mvua ilimomonyoa ukingo wote wa kule chini na mlamula ukaenda na maji. Haukubaki hata mzizi. Mimi na Mama tulikubaliana tusimwambie kwa ajili ya presha yake. Kule chini hakuwa anafika tena, na majirani nao walinyamaza kwa kumheshimu.

Sasa sikia. Mwanzoni mwa mwezi huu, Jumamosi, aliamka mwenyewe akavaa kanzu na koti la kanisani. Alikuwa amevimba mpaka kwenye mapaja. Akamtuma Mama awaite majirani wanaopakana nasi. Walipokusanyika uani akasema, "Gamaliel hafiki. Ephrasia atatembea badala yake."

Majirani walitazamana. Unajua na mimi najua. Binti aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika anapewa mahali pa kulala na mgomba wa kuchuma, haonyeshwi mipaka. Mzee mmoja akaanza kusema, "Lakini Mwijage, mila..." Tata akamkata. Alisema mila haimkatazi mtu kutuma salamu, na mimi ni salamu yake kwako. Nilichukia kuitwa salamu. Nilifurahi pia, na hilo nalo nakwambia.

Alinishika bega tukaanza. Alitembea kwa kupumzika, pumzi ikilia kama mlango mbovu. Mlamula wa kwanza, wa barabarani, aliupapasa majani akasema huu aliupanda Babu mwaka wa njaa. Wa pili aliupapasa pia. Nikafikiri anaiaga. Kwenye kila mmoja anasema nani alikuwepo ulipopandwa, nani aliwahi kuusogeza na akatozwa pombe gani, na mimi nakariri ili nikuhadithie. Byabato alikuja nyuma yetu, mikono mgongoni. Nilikuwa nikiwaza tutakapofika kule chini itakuwaje. Tata ataona pengo, presha itapanda, ataanguka palepale mbele ya adui yake wa miaka yote.

Tulipofika ukingoni juu ya kisima hakuweza kushuka. Pumzi zilikuwa zimeisha. Akafunika jicho lake bovu kwa kiganja, kama anavyofanya kila asubuhi. Akanyoosha mkono, akaonyesha kule chini kwenye udongo mtupu.

"Ule pale," akasema. "Umenenepa. Unaona majani yake yalivyo mapana? Hiyo ndiyo pembe yetu, mwambie ndugu yako."

Gamaliel, hapakuwa na kitu. Palikuwa na udongo mwekundu na maji yanapita.

Nilihisi mkono wake ukinibana begani, akingoja. Nilielewa mambo yote kwa mara moja, chai na kidole, maharage, hodi, bati la kanisa. Jicho alilokuwa akilitunza, ambalo kwa ajili yake ameikataa mashine na kuuacha mwili wake ujae maji, lilikuwa limekwisha kufa. Sijui lini. Halikuliwa na mashine. Lilizimika hapahapa nyumbani, katika kule kukaa bila kusafishwa damu, na yeye akaona aibu kutuambia. Angewezaje? Angesema amejiua bure. Na tena kuonyesha mipaka ni kazi ya mwenye macho. Kipofu akionyesha, kesho mtu yeyote anaweza kusimama kwenye baraza la ardhi akasema hakuonyesha.

Mtu mwenyewe wa kusimama barazani alikuwa nyuma yetu. Sikuthubutu kugeuka. Nikasikia kikohozi cha Byabato, na kisha sauti yake, ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayezungumzia mvua.

"Ndio ule, Mwijage. Umenenepa kweli."

Majirani wengine wakaitikia mmoja mmoja kwamba wanauona. Na mimi nikasema, "Nimeuona, Tata." Mkono wake ukalegea.

Jioni ileile alisema tumpeleke kwenye mashine Jumatatu, jicho limekwisha kufanya kazi yake. Hakusema limepofuka, na sisi hatukuuliza. Daktari alipommulika alinivuta pembeni akaniambia macho yote mawili hayapokei mwanga, na la kushoto si la juzi wala jana. Nikamuuliza kama angekuja mapema lingepona. Alisema labda, zipo sindano na kuna mionzi, lakini hawezi kuniapia. Kuhusu mwili alinena bila kuzunguka. Maji yameingia kwenye mapafu na moyo umepanuka. Mashine itamsaidia kupumua, lakini kila mara wanapomsafisha presha inashuka sana, na siku moja huenda isipande. Akasema ninyi wenye ndugu wa mbali, waiteni.

Walimlaza siku kadhaa, wakaturuhusu turudi naye, na sasa tunakwenda na kurudi. Anapumua vizuri kidogo. Hali chakula kingi. Asubuhi bado anasimama mlangoni akiwa ameushika mkono wa Mama, anafunika jicho, anasema, "Bati la kanisa naliona." Mama anajibu, "Na mimi naliona." Ndiyo sababu nimekwambia Mama amenyamaza. Ukiacha maagizo yake kwako, hayo ndiyo maneno anayoyasema kutwa.

Naogopa, mdogo wangu. Naogopa safari za Bukoba, naogopa kumwacha na naogopa kukaa naye. Na nina hasira na wewe ambazo zitaisha siku utakayoingia uani, si kabla.

Ukija, fanya hivi. Ukivuka mlango, zungumza. Usisimame mbele yake kimya ukingoja akutambue, kwa maana hatakutambua, nawe utalia na yeye atajua kwamba unajua. Sema, "Tata, ni mimi Gamaliel," kama mtu aliyezoea kujitaja. Akikuambia umenenepa, kubali. Akisema umekonda, kubali vilevile.

Msalimie Violeth na umwambie Mama anamwombea kifua. Wabusu wanangu wote, hasa yule mdogo ambaye bado hajaijua sura ya babu yake. Hafidhi mkaribishe vizuri, asirudi Bukoba akasema Wahaya wa Newala hawana chai. Mama anakusalimu, anasema njoo na koti, huku baridi imeingia. Bwana akulinde njiani, mabasi yote utakayopanda, akufikishe ukiwa na ndugu wa kukupokea kwa furaha na si kwa kilio.

Limebaki moja nililokuwa nikilihifadhi. Siku aliyolazwa nilirudi nyumbani kuchukua nguo zake, nikapitia kisimani kuchota maji. Nilimkuta Mzee Byabato kule chini, suruali ameikunja, yuko peke yake na jembe kwenye tope. Alikuwa anapanda kipande cha mlamula. Hakukipanda ulipokuwa ule wa zamani. Alikipanda pale ulipoelekea mkono wa Tata, na mkono wa Tata ulikuwa umepotoka ukaingia kwenye shamba la Byabato mwenyewe. Niliposimama kumtazama aliona haya. Akaushindilia udongo kwa kisigino, akasema tu, "Mwijage aliuona hapa," akachukua jembe lake akapanda mlima.

Basi Tata akikuuliza kama umepita kisimani na kama mlamula umeuona, usisite hata kidogo. Mwambie umeuona, na majani yake umeyashika. Hutakuwa umemdanganya. Upo.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata katika hasira,

Ephrasia